Tupeane uzoefu: makato ya mishahara na hasira ya Juni 2024

Wanajamvi, naomba tusimuliane jinsi hati zetu za mshahara zilivyobadilika tangu mwaka 2023, kwa kuwa mjadala wa Mswada wa Fedha (mapendekezo ya kodi ya serikali) hapa Kenya umejaa hesabu za mabilioni, huku mtu anayekatwa akisikika kwa nadra. Nianze mimi, karani wa hesabu katika kampuni binafsi. Mshahara wangu wa shilingi 60,000 kabla ya makato haujaongezwa, ilhali mchango wa NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), uliokuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, ulifika 2,160 mwaka 2024 na 3,600 mwaka uliofuata. Bima ya afya ilitoka 1,300 za NHIF, mfuko wa zamani, hadi 1,650 za SHIF, mfuko mpya. Akiba ya uzeeni siilalamikii, maana ni yangu. Kinachoniuma ni zile 900 za ushuru wa nyumba (makato ya kujenga nyumba za bei nafuu), ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Novemba 2023, ukarejeshwa kwa sheria mpya Machi 2024, nami naulipa huku nikiwa mpangaji.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi:
Mimi nilibanwa na kanuni ya theluthi. Nilipoomba mkopo wa karo ya mwanangu, afisa wa chama cha akiba aliteremsha kalamu kwenye safu ya makato, mstari kwa mstari, akasita kwenye ushuru wa nyumba, kisha akaniambia kwamba kinachobaki kimepungua chini ya theluthi ya mshahara wa msingi. Mkopo ukakataliwa. Nilikuwa bado nahangaika mapema Julai 2024 ziliposikika habari za nyongeza ya mishahara ya wabunge na mawaziri. Ni kweli kwamba ilisitishwa baada ya wananchi kupiga kelele, lakini siku chache tu zilikuwa zimepita tangu vijana wapigwe risasi Juni 25 katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na hilo sijalisahau.

Mchangiaji wa pili, daktari:
Nilikuwa nikisubiri kupangiwa hospitali ya mafunzo ya kazi. Makubaliano ya 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari yalitupa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikashikilia 70,000 kwa hoja kwamba hazina haina fedha, na mgomo wa madaktari ukaendelea kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, 2024. Kisha Julai 5 Rais Ruto akatangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali na kusitishwa kwa ununuzi wa magari mapya kwa mwaka mmoja. Ikiwa matumizi hayo yaliweza kupunguzwa Julai, kwa nini hayakupunguzwa Machi, kabla ya wagonjwa kurudishwa nyumbani bila matibabu?

Swali hilo la daktari ndilo langu pia. Wafanyakazi wa kaunti na wa viwandani, tunawasubiri. Tajeni kiasi mlichokatwa, ila msimtaje mwajiri.