Majani ya nyanya za ndoo yanageuka manjano: CAN, chumvi ya Epsom au kupunguza maji?

Mkaazi wa Tudor:
Assalamu alaykum. Nimepanda nyanya aina ya Cal J katika ndoo za rangi za lita 20 juu ya paa la zege hapa Mombasa, kwa mchanganyiko wa udongo, samadi ya mbuzi na makumbi ya nazi yaliyotwangwa. Zimeshaanza kubeba, lakini majani yanageuka manjano. Muuzaji wa pembejeo amenishauri nitie CAN (mbolea ya naitrojeni), jirani yangu anashikilia chumvi ya Epsom (yenye magnesiamu), na mjomba wangu aliyewahi kulima Taveta anasema nimezidisha maji. Sitaki kuzifuata njia zote tatu kwa mkupuo mmoja nikakosa kujua iliyofaa, kwa hivyo naomba mnilinganishie.

Mtunza Bustani, Bamburi:
Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, kila mmoja wa washauri wako anatibu jambo lake, na jani ndilo litakaloamua baina yao. Naitrojeni na magnesiamu ni virutubisho ambavyo mmea huweza kuvitoa kwenye majani makuukuu ukavipeleka kwenye machipukizi, ndiyo maana upungufu wake huanzia chini. Jani likipauka lote pamoja na mishipa yake, na mmea ukawa mwembamba, CAN ina kazi: kijiko kimoja cha chai kwa ndoo, mbali na shina, udongo ukiwa umelowa. Likiwa manjano baina ya mishipa huku mishipa yenyewe ikisalia kijani, jirani yako ana hoja. Yeyusha kijiko kimoja cha mezani cha chumvi ya Epsom katika lita 4 za maji, unyunyizie majani jioni. Upungufu wa chuma ni kinyume, kwa kuwa huanzia majani machanga ya kileleni, na hakuna kati ya dawa hizo mbili itakayoutibu.

Kuhusu maji, chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta tope lenye harufu ya uvundo, mizizi inakosa hewa na mjomba amesema kweli.

Bi Kisauni:
Naafiki maelezo ya majani, ila nashangaa hakuna aliyeuliza maji yenyewe yanatoka wapi. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kwa hivyo maji yake hubeba chokaa, na vilivyo karibu na bahari hubeba chumvi pia. Shambani mvua ya masika huisukuma chumvi hiyo chini zaidi ya mizizi, lakini katika ndoo haina pa kwenda, nayo huongezeka kila unaponyweshea, kwa sababu mmea hunywa maji na kuiacha chumvi. Dalili yake ni kingo za majani kukauka na kuwa kahawia, na ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo au juu ya udongo. Chokaa nayo huufanya udongo uwe wa alkali, na hapo chuma kinaweza kuwamo tele ndani ya ndoo lakini mizizi ikashindwa kukifyonza.

Kwa hali hiyo CAN ndiyo njia ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa mbolea ya viwandani nayo ni chumvi. Ushauri wa mjomba pia, kwa heshima zote, unaweza kudhuru, maana maji haba yakikauka huiacha chumvi ikiwa kali zaidi. Makumbi nayo yaangaliwe: yakiwa hayakuoshwa vizuri, huja na chumvi yake.

Mwanamjini, Kibokoni:
Geuza jani kabla ya kununua chochote. Vidoa vidogo mfano wa vumbi na utando mwembamba upande wa chini ni utitiri. Machipukizi yaliyodumaa na kujikunja kuelekea juu, pamoja na inzi weupe, ni virusi visivyo na dawa. Ng'oa mmea huo. Majani mawili matatu ya chini kabisa yakizeeka, yakate tu.

Mkaazi wa Tudor:
Shukrani. Nyuma ya majani ni safi. Umanjano uko chini, baina ya mishipa, na kingo zimekauka. Ukoko mweupe upo, na maji ni ya kisima cha plotini.

Mtunza Bustani, Bamburi:
Basi Bi Kisauni atangulie. Panua matundu ya ndoo, kisha mimina maji matamu polepole hadi yatiririke kwa wingi kupitia chini, urudie siku inayofuata. Baada ya hapo nyunyizia chumvi ya Epsom kwenye ndoo zote isipokuwa moja, ili uone kama jirani ameongeza kitu. Usihukumu kwa majani yaliyokwisha kuharibika, kwani mengi hayatarudi kijani; tazama yanayochipuka. CAN iache dukani kwa sasa.

Bi Kisauni:
Na ukinunua maji ya boza au ya mkokoteni, muulize muuzaji ameyateka wapi, kisha uyaonje, kwani baadhi yao huteka kwenye visima hivi hivi. Mvua ikinyesha, weka pipa chini ya mfereji wa paa. Kwa ndoo chache, maji hayo yatakufaa kuliko chochote cha kununua.