Kupatwa kwa jua 2 Agosti 2027: meli au nchi kavu?

Msafiri77: Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tunadunduliza kwa ajili ya kupatwa kwa jua kikamilifu, Jumatatu ya 2 Agosti 2027. Tumebakiwa na njia mbili: meli ya kitalii itakayokuwa Mlangobahari wa Gibraltar asubuhi hiyo, au kulala Luxor, Misri. Kule baharini giza ni karibu dakika 5, Luxor zinapita 6. Moyo wangu uko kwenye meli. Mnashaurije?

Kasa_wa_Lamu: Panda meli, mkuu. Nasema kwa uchungu. Novemba 2013 nilisafiri mpaka Sibiloi, Turkana. Jioni, jua limeshamegwa sehemu kubwa, ukaja upepo wa mchanga, nyuma yake wingu zito na mvua. Giza likashuka ziwani sekunde chache, likaondoka. Taji la jua, ule mwanga unaozunguka jua likifunikwa lote, sikuliona. Nilibaki nimeshika miwani ya karatasi imelowa, inachanika vidoleni. Nahodha angesogea maili kadhaa akatafuta upenyo. Gari halikimbizani na wingu kwenye mawe yale.

Binti_Rujewa: Pole sana kaka Kasa. Lakini Luxor si Turkana. Agosti kule wingu ni la kutafuta. Meli unailipia kwa sababu inakwepa mawingu. Yasipokuwepo, unalipia nini? Na Gibraltar yenyewe, upepo wa mashariki ukivuma, wingu huuvaa ule mwamba mkubwa wa Gibraltar na ukungu hutanda baharini.
Shida ya Luxor ni joto, nyuzi 40 na zaidi, na jua litakuwa karibu utosini, saa saba mchana. Bebeni mkeka mlale chali, shingo zitawashukuru.
Jambo moja msilikubali: kukaa nje kidogo ya njia ya kivuli, yaani ukanda ambao mwezi hufunika jua lote. Hapa kwetu Rujewa, Septemba 2016, mwezi ulifunika zaidi ya asilimia 90 ya jua tukaona pete, nzuri kweli, lakini giza halikuingia. Bado ulikuwa mchana.

Lenzi_Ndefu: Kwa wapiga picha: mtetemo wa injini hupanda mpaka kwenye tripodi. Melini tumia lenzi fupi. Ulizeni pia kama taa za sitaha zitazimwa.

Mpwani_Jeddah: Niko Jeddah, na hapa giza ni kama dakika 6. Makka nayo imo njiani. Atakayekuwa Umra siku hiyo ataswali swala ya kupatwa kwa jua Msikiti Mtukufu, mchana umegeuka usiku. Mimi kamera sibebi. Nitakuwa kwenye safu, inshallah.

Binti_Rujewa: Subhanallah, umenisisimua. Msafiri, viza umeifikiria? Meli ikitoka Hispania, ikatia nanga Morocco na kurudi, mtahitaji viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia zaidi ya mara moja.

Msafiri77: Hilo la viza sikuliwaza kabisa. Mke wangu amesoma yote akauliza: kwa nini tusipande zile meli za mto Nile? Tunalala majini, anga ni la Luxor.

Binti_Rujewa: Shemeji ana akili! Ila pateni kwa maandishi kwamba saa saba mchana mtakuwa mmetia nanga Luxor. Hizo meli huenda mpaka Aswan, na Aswan iko nje ya njia.

Msafiri77: Namwandikia wakala usiku huu. Kaka Kasa, vitanda viko viwili chumba cha jirani. Twende wote.