Kuuza lupango ya Katuba na kununua Bel-Air: ipi itangulie?

BabaMapasa
Wakubwa, jambo. Nina lupango (kiwanja chenye nyumba) Katuba, hapa Lubumbashi: vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, na nyuma kijumba anamokaa mpangaji. Sertifika, yaani hati ya ardhi, ninayo. Mteja amepatikana, dola 22,000, ila anataka kutoa nusu sasa, nusu nyingine akishauza gari lake. Wakati huohuo mama wa watoto ameona nyumba mtaa wa Bel-Air, karibu na dada yake, na tangu siku hiyo silali. Mwenye nyumba anadai akonti (malipo ya kutangulia) ya dola 5,000 kabla mwezi haujaisha. Ati ana wateja watano wanasubiri. (Nani anauza nyumba Lubumbashi bila wateja watano?) Karatasi aliyonionyesha ni fishi ya parsele, karatasi ya kiwanja inayotolewa na komini (manispaa); sertifika, anasema, iko kwa kaka yake, mji wa Kolwezi.

Benki haimkopeshi muuza vipuri wa sokoni pesa ya nyumba, kwa hiyo pesa ya kununua ni hiyohiyo ya kuuza. Nikitoa akonti halafu mteja wangu apotee, nimekwisha. Nikiuza kwanza, watoto nitawalaza wapi? Kupanga nako kunataka garanti, amana ya kodi ya miezi kadhaa. Komisionere, dalali wetu, anatuhimiza tusaini zote wiki hii. Namwelewa, anakula pande zote mbili.

MzeeKamalondo
Baba Mapasa, kabla ya ipi itangulie, tuongee hiyo sertifika ya Kolwezi. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa Serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya konservatere, mkuu wa ofisi ya hati za ardhi. Fishi ya komini haitoshi. Chukua namba ya kiwanja, nenda ofisi ya hati za ardhi, uliza jina gani limeandikwa na kama kuna hipoteki (rehani) juu yake. Usishangae ukikuta jina ni la huyo kaka, au la marehemu baba yao na warithi hawajagawana. Ikiwa hivyo, hata akonti ya dola 50 usitoe.

MamaKeren
Sisi tuliuza kwanza, na hatukulala nje. Tuliandika ndani ya mkataba, mbele ya notere (ofisa anayethibitisha mikataba), kwamba tunabaki nyumbani hadi mwisho wa Juni, watoto wamalize shule na mvua iwe imekwisha kitambo. Mnunuzi akashika dola 2,000 mpaka siku ya funguo. Alikubali kwa sababu tulimshushia bei kidogo, na kusema kweli ilitugharimu kidogo kuliko garanti.

Pesa mhesabiane benki, ziingie kwenye konti yako ya benki hapohapo. Noti yenye mpasuko mdogo tu ukipewa nyumbani, kesho muuzaji wako wa Bel-Air anaikataa. Mama wa watoto naye asaini, na mke wa anayekuuzia vilevile. Na huyo mpangaji wa nyuma, garanti yake itarudishwa na nani, wewe au mnunuzi? Iandikwe, la sivyo atakufuata hadi kwa shemeji.

Tshikapa_boy
"Nikishauza gari" si bei, ni maombi. Mwambie auze kwanza, ndipo arudi.

MzeeKamalondo
Kijana, usimfukuze mteja wa watu. Alipe hiyo nusu, tarehe ya nusu ya pili iandikwe, na sertifika isibadilishwe jina mpaka amalize. Akichelewa, mkataba useme anarudishiwa kiasi gani.

BabaMapasa
Asanteni sana. Nimempigia wa Bel-Air nikamwomba namba ya kiwanja tu. Kwanza akasema yuko barabarani, halafu akasema nimuulize komisionere. Komisionere naye anasema namba iko Kolwezi.

MamaKeren
Basi dola zako 5,000 zibaki Katuba. Wa gari mpeleke kwa notere hata hivyo, hiyo kazi haimngojei huyo wa Bel-Air. Na shemeji aulize majirani zake huko Bel-Air: wapo wanaouza bila kibao cha "nyumba inauzwa" ukutani.