Kisumu: amplifaya ya valvu au ya transista kwa spika za 87 dB?

Jirani_wa_Ziwa:
Wadau habari. Niko Manyatta, chumba mita 4 kwa 5, spika ni omu 6, usikivu 87 dB (sauti inayotoka kwa wati moja). Nimeonyeshwa amplifaya mbili za mtumba, bei inakaribiana. Moja ni ya valvu, nne za aina ya EL34, wati 35 kila upande, nyuma imeandikwa 100V. Nyingine ni ya transista, wati 60, 240V. Ni za rumba na benga, masaa manne hivi kila jioni. Stima hapa hucheza kati ya volti 205 na 250. Nibebe gani?

Koili_Moto:
Wati ziweke kando. Kutoka 35 hadi 60 ni desibeli 2.3 tu, sikio halitashtuka. Shida ni hiyo 100V. Ukiichomeka hivyo hivyo ukutani, fyuzi ikikuhurumia itakatika kwanza. Inataka transfoma ya kushusha 240 hadi 100, isiyopungua VA 500 (kipimo cha mzigo inaoweza kubeba). Soma kibao vizuri pia: kama ni 60Hz pekee, achana nayo. Kwa 50Hz yetu transfoma yake ya ndani itachemka hata muziki ukiwa kimya. Ikiwa 50/60Hz, sawa.

Mita_Mkononi:
Na hiyo 205 yako. Filamenti ya EL34, yaani waya wa kuipasha joto, inataka volti 6.3, hapo itapata kama 5.4. Asilimia 10 chini, yaani 5.7, ndio mwisho wa uvumilivu. Kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, isipopata joto la kutosha huchoka mapema. Transista stima ikishuka hivyo inapungua nguvu tu, wati 60 inakuwa kama 44, stima ikirudi nayo inarudi. Kwa hivyo bei ya valvu ijumlishe na stabilaiza ya VA 1000. Tokeni nazo: EL34 nne hula kama wati 150 hata ukicheza sauti ya chini, karibu yuniti 18 kwa mwezi kwa masaa yako. Radi ikianza kunguruma, chomoa plagi yoyote uliyonunua. Kuzima swichi hakutoshi.

Sebene_Safi:
Mnamtisha bure. Valvu haiishiki koni ya besi kwa nguvu kama transista, kwa hivyo besi inanenepa na kulegea kidogo, lakini gitaa la solo na sauti za waimbaji zinakaa vizuri sana. Kwa benga yenye besi ya kukimbia mimi ningechagua transista. Kwa rumba, valvu. Spika za omu 6 anzia tundu la omu 4, kisha linganisha na la 8. Usiiwashe bila spika: transfoma ya kutolea sauti kwa spika inaweza kuungua. Transista haijali hilo, yenyewe inaogopa nyaya za spika zikigusana.

Mita_Mkononi:
Kabla ya kulipa, nenda na mita. Ya transista: chomoa spika, sauti chini kabisa, pima DC kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni nzima. Ukiona volti kadhaa, itakuchomea koili ya besi. Ya valvu: spika ziwe zimeunganishwa, ngoja dakika 20, kisha pima kwenye vituo vya bayasi (mkondo wa valvu muziki ukiwa kimya). Kama rezista ya kathodi ni omu 10, volti 0.40 ni miliampia 40, na hapo ndipo pa kutafuta ikiwa bamba, lile chuma la ndani ya valvu linalopokea elektroni, lina volti 430. Bamba likianza kuwa jekundu, zima papo hapo.

Jirani_wa_Ziwa:
Nimepima. Kibao ni 50/60Hz, rezista ni omu 10. Valvu: 0.39, 0.41, 0.40 na 0.62, na hiyo ya mwisho bado ilikuwa inapanda. Transista: mV 12 na 18.

Koili_Moto:
Miliampia 62 kwa volti 430 ni karibu wati 27. Hata ukitoa mkondo wa skrini, ile gridi ya pili ya valvu, uko ukingoni. EL34 mwisho wake ni wati 25. Mwambie muuzaji azime, zipoe, abadilishane hiyo na ya jirani yake. Namba ikihama na valvu, valvu imekufa. Ikibaki kwenye soketi ileile, huenda kapasita inayoleta sauti kwenye gridi ya valvu inavuja, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua kutoa chaji ya kapasita kubwa kwanza. Kwa bei zinazokaribiana beba ya transista, isipokuwa muuzaji akupunguzie bei ya seti mpya ya EL34 nne zilizolinganishwa.