Haibridi ya kuchaji: kabla ya gari, angalia LUKU yako

Mleta mada (Tegeta):

Wadau, kila nikipaki mahali kuna anayeniuliza kama hii Mitsubishi Outlander PHEV, yaani haibridi ya kuchaji inayotumia petroli pamoja na umeme wa kuchomeka, inapunguza gharama kweli. Wengine wameshaambiwa "unaenda bure", wengine "kimbia, betri itakufilisi". Ninayo mwaka wa pili, ya 2014, inabeba mke na watoto watatu. Msimamo wangu ni huu: kama huna mita yako ya umeme (LUKU) na sehemu yako ya kuchomeka, usiinunue.

Betri yake ikiwa mpya ina uwezo wa Ah 40, yaani kWh 12 (kWh moja ndiyo uniti moja ya LUKU). Muuzaji aliniapia kuwa ni nzima kabisa. Nilipoipima kwa kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu, ikasoma Ah 27. Sasa ikijaa inanifikisha kilomita 25, AC ikiwa inawaka, na inakula uniti 7 hivi. Kwenye T1, daraja la kawaida la bei ya umeme, uniti ni shilingi 292. Ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 356. Kuijaza basi ni 2,500, sawa na shilingi 100 kwa kilomita. Umeme ukiisha, mjini inanipa kilomita 11 kwa lita. Weka petroli kwa 3,000, kilomita moja inakuwa kama 270. Nikichaji kila usiku, siku 25 za kazi, nabakiwa na laki moja na kidogo kwa mwezi.

Lakini kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu. Nyumba iliyo D1, daraja la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Gari peke yake litakula 175. Maana yake unahamia T1, na friji, taa na TV vyote vinahamia nawe. Kama nyumba ilikuwa inatumia uniti 70, hiyo ni nyongeza ya zaidi ya 16,000 kila mwezi kwa vitu vile vile. Iandike kwenye gharama za gari.

Na soketi. Waya uliokuja na gari una plagi ya Kijapani. Fundi aliikata akafunga plagi ya pini tatu, tukachomeka kwenye ekstensheni iliyopita dirishani. Usiku wa tatu mke wangu akaniamsha, sebule nzima inanuka plastiki. Plagi ilikuwa ya kahawia, pini moja imegandia ndani, na kidole kikibonyeza kinazama kama kwenye nta. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Kesho yake tukavuta waya mnene kutoka meinswichi hadi ukuta wa nje, na bureka yake yenyewe. Laki mbili na themanini. Ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye hili gari.

Mchangiaji (Sinza):

Mkuu, umetufungia mlango wapangaji. Kwetu tuko kaya nne kwenye LUKU moja, tunachanga sawa kwa sawa. Nikichomeka gari, usiku huo huo kuna kikao. Ila hata nisipochaji, si bado ni haibridi? Mafuta yatapungua tu. Na serikali ikizipunguzia ushuru, watu wa kipato cha kati nasi tutapumua.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hapo ndipo wengi wanapoumia. Usipochaji unabeba gari la karibu tani 1.8, betri na mota mbili ndani yake, ili uchome petroli. Karatasi ya Japani iliandika kilomita 67 kwa lita, kwa kuhesabu kwamba umejaza umeme. Ulaya walidanganyika hivyo hivyo. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kwenye magari yenyewe barabarani: moshi wa kaboni wa haibridi za kuchaji ulikuwa kwa wastani mara 3.5 ya ule wa maabara, kwa sababu kubwa kwamba wenyewe hawachaji vya kutosha. Uingereza ilishaziondolea ruzuku tangu 2018. Kwa hiyo kupunguza ushuru siungi mkono. Ukipunguziwa bei ya gari na nyumbani huna pa kuchomeka, umeongezewa tatizo. Mimi ningedai sabmita, yaani mita ndogo ya kupima umeme wa kila mpangaji peke yake. Na kwa hali yako ya leo, chukua haibridi ya kawaida isiyochomekwa, Toyota Aqua au Prius.

Mchangiaji (Dodoma):

Naongezea kwa wa mikoani. Kutoka Dar kuja huku ni kilomita 450 hivi. Umeme wako unaishia kabla hujamaliza jiji, na tangi ni la lita 45 tu. Mimi yangu niliiuza. Ila dada yangu anatoka Mbezi Beach kwenda Mwenge kila siku kwenye foleni, yeye petroli anaweka mara moja kwa mwezi. Foleni ambayo gari la kawaida linachoma mafuta limesimama, lake limenyamaza kimya.

Mchangiaji (Sinza):

Nimetoka kuongea na mwenye nyumba. Sabmita amekubali, nilipe mwenyewe. Anachokataa ni waya kupita mbele ya duka lake. Kuna aliyewahi kuupitisha chini ya ardhi? Alitumia bomba la aina gani?