Makamu Mkuu wa chuo cha umma achaguliwe na nani?

Mwanzisha mada (Dar)

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Juzi jamaa wa wizarani kaniambia chuo cha umma kinaendeshwa kwa kodi, hivyo serikali ndiyo iamue nani akiongoze; wahadhiri wakafundishe. Nakataa.

Kwa sheria yetu ya vyuo vikuu ya 2005, Mkuu wa chuo cha umma anateuliwa na Rais, na uteuzi wa Makamu Mkuu nao unatoka juu hukohuko. Huyu wa pili ndiye mtendaji hasa: bajeti, ajira, yote yanapita mezani kwake. Siku wizara na seneti, yaani kikao cha wanataaluma kinachosimamia taaluma chuoni, zikivutana, atamsikiliza nani?

Halikuanza jana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea 1970, akawekwa Pius Msekwa kuwa Makamu Mkuu, aliyetoka kuwa mtendaji wa TANU. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, akamwandikia barua ya wazi kulalamikia uongozi wa kibabe. Akakamatwa na askari wenye silaha, akarudishwa kwao Kenya. Kwa barua!

Mtasema seneti ipo. Nimekaa kwenye vikao hivyo, chuo sitaji. Makabrasha unene wa tofali yanaletwa jioni, kikao saa tatu asubuhi. Ukiuliza ada ya programu mpya imepatikanaje, unajibiwa "hilo limeshapita menejimenti." Unashusha mkono, chai inaletwa.

Pendekezo langu: wahadhiri wapige kura, yapatikane majina matatu, Baraza la Chuo limteue mmoja. Azimio la Dar es Salaam la 1990, lililopitishwa na wanataaluma wenyewe, linataka vyuo vijitawale. Limebaki kwenye makabati.

Jirani wa Nairobi

Ndugu, huku kwetu Rais Moi mwenyewe alikuwa Chansela, mnayemwita Mkuu wa chuo, wa vyuo vyote vya umma. UASU, chama cha wahadhiri, kikanyimwa usajili na viongozi wake wakafutwa kazi. Kibaki alipokiachia hicho cheo 2003 tulishangilia: Chuo Kikuu cha Nairobi kikampata Joe Wanjui, mfanyabiashara. Tukadhani yamekwisha.

Januari 2020 baraza likamteua Profesa Stephen Kiama kuwa Naibu Chansela wa chuo hicho, yaani Makamu Mkuu kwenu. Hata mwezi haujaisha, Waziri wa Elimu Magoha, ambaye aliwahi kukikalia kiti hichohicho, akaubatilisha uteuzi na kulivunja baraza. Ikabidi mahakama iingilie ndipo Kiama akarudi ofisini. Kwa hivyo usiulize tu nani anateua. Uliza nani anaweza kufuta.

Mama wa Masijala

Mimi si mhadhiri, natunza mafaili yao. Nimeona uchaguzi wa mkuu wa idara tu, kampeni zilizidi za udiwani. Aliyeshinda akaanza kulipa fadhila: waliompinga wakapewa vipindi vya Ijumaa jioni, wake wakapewa safari. Sasa mnataka hayo yapande hadi juu?

Halafu sisi wa masijala, madereva, wauguzi wa zahanati, tunapiga kura wapi? Mkisema "chuo" mnamaanisha ninyi.

Mwanzisha mada (Dar)

Mama, hapo umenishika. Nilisahau, na kusahau kwenyewe ndiko unakokulalamikia. Basi watumishi wote wapige kura, na aliyechaguliwa akae muhula mmoja, asirudi kuomba tena. Fadhila hupungua mtu akijua hana kura za kutafuta. Vipindi vya Ijumaa jioni hata wa kuteuliwa anavigawa hivyohivyo, nimevifundisha.

Jirani, hoja yako naiingiza: kumwondoa iwe kazi ya Baraza peke yake, kwa sababu zilizoandikwa, na waziri asiweze kulivunja Baraza kwa tangazo.

Ila Mama, mtaala upitishwe na nani na profesa apandishwe na nani, hapo sirudi nyuma. Hapo dereva hapigi kura, na waziri vilevile.