ATI NI WAYA ZA UREMBO?!!

MwalimuWaZamu:
Wazee, naandika nikiwa kwenye matatu, tumekwama hapa Ngara, mikono inatetemeka na si baridi.

Mnamjua. Yule fundi wa Luthuli, ghorofa ya pili, anayevaa taa kichwani kama mchimba mgodi. Msiniulize jina. Nusu ya Nairobi imewahi kulia mbele ya meza yake.

Wiki jana nilimpelekea laptopu, kadi ya waifai imekufa. Kadi yenyewe haizidi stempu ya posta. Akaitisha elfu mbili na mia tano, nikatuma M-Pesa bila kubembelezana. Pale kwake ikashika mtandao vizuri, hadi akaniwekea video ya injili. Kwani ingekosaje? Ruta yake ametundika juu ya kichwa changu! Kufika Zimmerman, hakuna kitu. Nikiisogelea ruta, mtandao upo. Nikirudi kitini, umeenda. Nimejaza alama za darasa zima nikiwa nimeikumbatia ruta kama mtoto mwenye homa. Jana ililala kitandani, mume wangu akahamia kwa kochi.

Leo nimeirudisha. Akafungua kifuniko mbele yangu, nikaona waya mbili, nyeusi na nyeupe, zimekunjwa na kubandikwa selotepu kando ya kadi. Hazijachomekwa popote. Nikauliza kwa adabu zangu zote, "Fundi, na hizi je?"

"Madamu, hizo ni za urembo."

ZA UREMBO! Ndani ya laptopu! Chini ya kifuniko chenye skrubu kumi, mahali hata mende haingii, kuna mtu alikaa akasema hapa pamepooza, wacha tupambe! Na hakuinua hata macho, alikuwa anakula viazi karai. Foleni yote ikacheka. Muuza mayai pasua aliyekuwa anapita kwa ngazi akacheka. Mayai yakacheka.

Mama yangu alikuwa anafunika redio na kitambaa cha krosheti. HUO ndio urembo. Nilipomwambia hizo ni antena, akanijibu antena hukaa juu ya paa, niende nikaangalie.

Urembo, jamani. Pesa abaki nazo. Niambieni tu kama nilikosea kumnyang'anya kiazi.

Kunguru_wa_Tao:
Ulikila?

MwalimuWaZamu:
Nilikila.

Kunguru_wa_Tao:
Basi mko sare. Funga uzi.

fundi_mpole:
Mwalimu, pole. Hizo ni antena kweli, zinapitia kwenye bawaba zikapanda hadi pembeni mwa kioo. Bila hizo kadi inasikia ruta iliyo puani pake tu. Vichwa vyake ni kama punje ya wimbi, ndiyo maana fundi mvivu anaviita urembo. Zima mashine, chomoa betri ya ndani, weka kichwa sawasawa juu ya kitundu chake, bonyeza na ukucha mpaka usikie "ta". Kikikaa upande usilazimishe, utakibonda.

BabaPacha:
Mimi nilisikia hiyo "ta". Ilikuwa ukucha.

Kunguru_wa_Tao:
@fundi_mpole unaongea ni kama hiyo meza ni yako. Una taa ya kichwa?

Mzee_wa_X230:
Mwalimu shukuru, yako inawaka. Mimi nilinunua kadi mpya kabisa, nikaiweka kwa ThinkPad X230. Kuwasha, inaandika 1802 halafu inagoma. Kumbe hizo za zamani zina orodha ya kadi zinazokubali, nje ya orodha hata uwe malaika huingii. Laptopu inachagua wageni kuliko mama mkwe! Nikamrudia fundi, huyohuyo wa taa. Akaniambia niiombee.

MwalimuWaZamu:
HUYOHUYO! Na hakukuambia ni ya urembo?

Mkaazi_Chumba12:
Mnalilia kadi? Landilodi wetu alitangaza ploti ina waifai ya bure. Ruta iko chumbani kwake. Saa tatu usiku anaizima, ati isichoke.

BabaPacha:
ISICHOKE, hahaha! Huyo ni ndugu ya wetu. Wetu anafunga maji Jumatatu hadi Alhamisi, ukimuuliza anasema tanki linapumzika.

Mkaazi_Chumba12:
Alhamisi mnapata? Sisi ni Jumapili, na unakuta keateka ameshajaza mitungi yake kumi na miwili.

Mzee_wa_X230:
Keateka wetu anauza hiyo mitungi.

MwalimuWaZamu:
Samahani, tulikuwa kwa waya za urembo.

Mkaazi_Chumba12:
Ngoja kidogo mwalimu. @BabaPacha hiyo ploti yenu iko wapi na kuna nyumba imebaki?

Kunguru_wa_Tao:
Swali la maana: hivyo viazi karai vya chini ya ile ngazi, siku hizi hamsini unapata vingapi?

BabaPacha:
Vitano.

Mzee_wa_X230:
Vitano vilikuwa zamani. Vinne.

MwalimuWaZamu:
Vitatu. Na ukwaju anawekea watu anaowajua tu.